Bi Pimbi Awahi Matanga ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kugombana nao, kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa na gari moja tu la kukokotwa na punda. Kila siku ya gulio lilishuka mteremko, kwata-kwata, kwata-kwata. Wadogo walikaa mbele na wakubwa nyuma, kwa sababu uzito ukitangulia huwalemea punda.

Mwaka mmoja gari liligonga jiwe, Swala akarushwa nje, akavunjika shingo. Baada ya kumzika, baraza likapitisha sheria: kila anayepanda ajifunge mkanda wa ngozi kiunoni. Wote wakakubali, isipokuwa Nyati.

"Mwili huu nilipewa na baraza?" Nyati aliuliza. "Nikianguka naanguka mwenyewe. Mfupa wangu, maumivu yangu. Mwanamume mzima kufungwa kama mzigo wa kuni, hapana."

Bi Pimbi alikuwepo. Yeye na mapacha wake walikaa mbele ya Nyati, na kuwaacha watoto nyumbani hakuweza. Mwewe wa mlimani hana likizo. Akamtazama Nyati kuanzia pembe hadi kwato. Gari likisimama ghafla mteremkoni, huyu hatabaki alipo. Atakuja mbele. Na mbele kuna nani?

"Mtani," alisema, "ukitoka hapo nyuma unatua wapi?"

"Nitatua nitakapotua. Una mkanda wako, jifunge uniache."

"Nikijifunga, mkanda utanishikilia vizuri nikungoje uniangukie."

Watu wakacheka. Nyati hakucheka, wala hakujifunga.

Sasa ninyi, toeni vidole puani msikilize. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Nyati walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani kwako huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na sauti yake, na hudai kupikiwa. Hiyo ni haki yake. Ukimkasirikia mtani, kijiji kizima kitakucheka mpaka unyauke.

Basi alasiri ya kuamkia gulio, Nyati anarudi kutoka shambani, anasikia kilio nyumbani kwake. Uwii, uwii. Akakimbia. Uani akamkuta Bi Pimbi ndani ya kanzu yake ya sherehe, anaiburuta kama jogoo aliyenaswa kwenye shuka. Mke wa Nyati ameketi mkekani, ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Kuna nini hapa?"

"Pole, mtani. Tunakulilia."

"Mimi ni mzima."

"Leo, ndiyo. Kesho ni gulio na wewe hujifungi. Ukiniangukia tunakufa pamoja, na hapo nani atakuja kukutania? Nimeona niiwahi haki yangu."

Akatoa kifua, akatembea tii, tii, tii, akikoroma kwa sauti nzito: "Mfupa wangu, maumivu yangu. Mama watoto, lete uji, nife nimeshiba."

Mkewe akashindwa, akaangua kicheko. Majirani wakajaa uani. Nyati akafura mpaka masikio yakatetemeka. Kukasirika hawezi, kumfukuza hawezi.

"Vua kanzu yangu."

"Ya marehemu?"

"Kesho nitajifunga," Nyati alinguruma. "Nitajifunga na kurudi mzima, na wewe ukose hata ukoko wa ugali wangu."

"Rudia, mashahidi wasikie."

Akarudia.

Asubuhi Nyati alijifunga, uso umekunjamana kama ndimu ya juzi. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele likachomoka. Kraa! Gari likapiga pua chini, puu, na kila kisichofungwa kikaruka mbele: matenga, nyanya, vibuyu. Mkanda wa Nyati ukalia kriii. Ukashika.

Bi Pimbi akafumbua macho. Pembe za Nyati zilikuwa juu ya vichwa vya mapacha, zimebakiza upana wa kiganja. Watoto walikuwa wanalia, lakini wekundu uliowapaka ulikuwa wa nyanya.

Nyati alining'inia pale, anahema, anawatazama.

"Mtani," alisema mwishowe, "jana hukuwa unanililia mimi."

"Nilijililia mwenyewe. Na hawa."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukasema mfupa wako."

"Nakushukuru. Ningewaua watoto hawa, ningerudi kwa watu na macho gani?"

"Shukrani ni zangu," alisema Bi Pimbi, akiwapapasa watoto mguu kwa mguu. "Ulijifunga kwa hasira, lakini mkanda hauulizi nia. Mungu akuweke, mtani, wewe na ukaidi wako. Ila usijifungue sasa hivi. Subiri tutoke hapa chini kwanza."

Nami nimefika mwisho, na neno la kubeba ni hili: mwili ni wako, lakini unapoangukia ni kwa mwenzako.