Nadhiri ya Zamda na Injini Iliyozimika

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, mwanamke aitwaye Zamda alipanda ndege kumpelekea mumewe mtoto wao wa kwanza. Alikuwa amejifungulia kwao, kama ilivyo ada kwa uzazi wa mwanzo, na arobaini ilikuwa imetimia. Mtoto hakuwa na jina bado. Jina lilimngoja baba.

Ndege ikatimka mbio, ikatimka mbio, hata miti ya kando ikawa ukuta mmoja. Mara injini ya kushoto ikapasuka kwa kishindo. Ndege ikayumba kama ng'ombe aliyevutwa pembe. Zamda alimkumbatia mwanawe, akaweka nadhiri: tukishuka salama, huyu ataitwa kwa jina la mtu aliyetuokoa. Hakusema watu, alisema mtu.

Ndege haikusimama. Iliruka kwa injini moja, ikapanda polepole, ikauzunguka mji, ikatua pale pale ilipotoka. Abiria walishuka wazima, wengine wakicheka wasijue wanachocheka.

Mume alipopata habari alijibu kwamba nadhiri si yake, hawezi kuitengua. Akafunga safari. Mbuzi wa akika akachinjwa ukweni kwake, wakaalikwa marubani wawili: Makame, rubani mkuu, na msaidizi wake Lusajo, aliyeshika usukani siku ile. Nao wakaja na mwalimu wao mstaafu, Mzee Kizito, ambaye darasani walimwita kwa siri Mzee Taja.

Zamda akawauliza ni nani aliyewaokoa.

Makame akaeleza kwamba kila ndege inaporuka kuna kasi ambayo kabla yake rubani aweza kufunga breki. Akishaivuka, njia ya kurukia iliyobaki haitoshi kusimama. "Tulikuwa tumeivuka hivi punde. Moyo wangu ulitaka breki, dada yangu. Nikauondoa mkono kwenye vishikio vya injini, nikasema twende. Ningeusikiliza moyo, tungeishia kwenye korongo lililo mwisho wa njia."

Lusajo akacheka kidogo. "Kaka mkubwa, neno twende halinyooshi ndege." Akasimulia jinsi injini nzima ilivyoisukuma ndege upande wa ile iliyokufa, naye akakandamiza kikanyagio cha usukani wa mkia kwa mguu wa kulia, asiulegeze mpaka waliporudi chini. "Tena mweleze mama habari ya mkono wako."

Makame hakuficha. Walipofika juu ya kutosha na wakati wa kuizima injini mbovu ulipowadia, mkono wake uliangukia kishikio cha injini nzima. Akakigusa, akaitaja injini ya kulia, akangoja. Lusajo akajibu, "La. Hiyo ndiyo inayotubeba." Mkono ukahama.

"Nilikosea," akasema Makame, "lakini niliuliza. Mkubwa mwenye kiburi angevuta tu."

"Na mdogo mwoga angenyamaza," akasema Lusajo.

Hapo Mzee Kizito akauweka mfupa sahanini. "Gusa, taja, ngoja ujibiwe. Niliwarudisha kwenye zoezi hilo mpaka mkanichukia. Mkubwa nilimkataza kuona haya kuuliza. Mdogo nilimkataza kuona haya kukataa. Mengine yote ni matunda."

"Shikamoo, mwalimu," Lusajo akamtania, "lakini siku ile ulikuwa kwako unakunywa kahawa."

"Marahaba. Nilikuwa nakunywa. Na mkono wa Makame ulingoja kwa amri ya nani?"

Lusajo akamsogezea mzee sahani ya nyama.

Zamda akawatazama kwa zamu. Alipomtoa Makame katika mawazo yake, ndege ilitumbukia korongoni. Alipomtoa Lusajo, ilibiringika kando ya njia. Alipomtoa mzee, injini njema ilizimwa angani na mikono yenye haraka. Kila mmoja alikuwa na haki, na nadhiri ilitaka mmoja.

Mumewe alikwisha kuinama penye sikio la mtoto, akimngoja mkewe amwambie jina.

Basi nanyi mliokaa hapa, mdomo wa Zamda ni wenu sasa: jina la aliyekata shauri, la aliyekanyaga na kukanusha, au la aliyewafunza kungojana? Je, nani alistahili?