Sura ya Ukutani

Hapo zamani, mkonge ulipokuwa bado na bei, palikuwa na shamba lenye kanisa dogo. Ukutani alichorwa Yesu mwenye masharubu ya mwenye shamba, kwa sababu rangi alinunua yeye. Tulimpigia magoti hivyo hivyo. Mungu anisamehe, nilidhani ndivyo alivyo.

Ukaja ukame. Mwenye shamba akakitia kisima kufuli, maji yawe ya ng'ombe wake. Watoto wetu wakanywa ya mtaroni, wakaharisha. Mmoja tukamzika.

Severini, katekista wetu, akaenda kupiga magoti mlangoni pa kisima, akaanza rozari. Mlinzi, Mkristo mwenzetu, akapiga magoti naye, akafumba macho. Pelagia, mkata mkonge, akavunja kufuli kwa shoka. Salamu Maria ile ilisaliwa kwa sauti kubwa kidogo. Tukachota.

Kesho yake mwenye shamba akauliza, "Nani kavunja?"

Pelagia ana watoto. Desideri, mkata mkonge mwenzake, ambaye siku ya kuvunjwa kufuli alikuwa kitandani na homa, akasema, "Mimi." Akatolewa kwenye nyumba ya kambi ya wafanyakazi, akawa analala kanisani kwenye benchi.

Mvua ziliporudi zikaubomoa ukuta wenye picha. Ukajengwa upya. Padre akaleta mchoraji, akaiambia jumuiya yetu, "Safari hii chagueni wenyewe Yesu afanane na nani."

Tukakaa. Mwenye shamba hatukumwita.

"Ndugu zangu," akasema Severini, "bila rozari yangu, mlinzi angefumba macho?"

"Na bila shoka langu, baba katekista, ungekuwa magotini mpaka leo," akasema Pelagia.

Mlinzi akakohoa. "Mimi rozari huisali macho wazi. Siku ile nilifumba makusudi."

Desideri akasema yeye hadai sura, anadai kitanda.

"Basi achorwe yeye," akasema mama mmoja. "Mwenye shamba atamnyimaje nyumba mtu, na kila Jumapili anakuja kumpigia magoti?"

"Tunamchora Mungu," akauliza Severini, "au tunamtafutia Desideri nyumba?"

"Kuna tofauti, baba?" akasema Pelagia.

Mchoraji akasema rangi inakauka.

Mimi siku ile nilichota ndoo zangu nikaenda kulala, kwa hiyo sina kauli. Je, nani alistahili ukuta ule? Naomba unijibu wewe, usiniambie nikamuulize padre.