Ubeti wa Tatu

Juvenali alikuwa fundi cherehani, kijana mcheshi aliyehamia Kaniha kutoka Keza kufuata kazi. Mikono yake ilikuwa kwenye nguo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu. Siku waigizaji wa Biharamulo mjini walipomwahidi kurekodi filamu yake ya vichekesho, mradi aandike hadithi ya kuchekesha, hakulala kwa furaha.

Hadithi yenyewe aliiona kila jioni ng'ambo ya kibanda chake. Wakulima watatu, Bulugu, Bukuru na Nimpaye, walikutana penye mashine ya kusaga wakitoka shambani, wakapiga muziki. Gitaa la Bulugu lililia kama mlango uliokosa mafuta. Ngoma ya Bukuru ilishika njia yake, wimbo ukashika yake. Lakini kilichomvunja mbavu Juvenali ni kwamba kila wakifika ubeti wa tatu, Nimpaye, dada aliyekuwa mwimbaji wao, alifumba mdomo. Vyombo viliendelea peke yavyo, kisha wote wakadakia kiitikio kana kwamba hakuna lililotokea.

"Wanasahau maneno!" Juvenali alicheka, akaanza kuandika.

Kalamu ikamgomea. Ni watu gani wanaosahau palepale kila siku? Akaandika kwamba wamelewa. Akakumbuka kuwa Nimpaye ni mlokole, hajawahi kuonja rubisi. Akaandika kwamba wamerogwa, akafuta. Akaandika kwamba wamegombana. Mbona basi wanarudi nyumbani wakitaniana? Kichwa kikamzunguka kama pia.

"Si uwaulize?" akasema Rogasian, mwenye mashine.

"Nikiwauliza watashtuka, waache kusahau. Vichekesho vyangu vitakufa."

Mwishowe, huku bado haelewi, akashika lile la ulevi. Jumapili baada ya ibada aliwaita wanamuziki na majirani penye mashine awasomee, kwani alitaka wanamuziki wajiigize wenyewe, na bila ridhaa yao filamu isingekuwapo. Habari za gitaa ziliwachekesha hadi Bulugu mwenyewe akajifuta machozi. Juvenali akavimba kichwa. Alipofika ubeti wa tatu, alisimama akamwigiza Nimpaye akipepesuka, mdomo wazi, macho juu.

Kicheko kikazimika kama koroboi iliyopulizwa.

Juvenali akadhani hawakusikia vizuri. Akarudia, akipepesuka zaidi. Nimpaye akainuka, machozi yakimlengalenga, akaondoka bila kuaga.

"Jamani, nimekosea wapi?" Juvenali akauliza, akitazama huku na huku.

"Ubeti ule una mwenyewe," Bulugu akamjibu taratibu, akimwonyesha kwa mkono mama aliyeketi juu ya gunia la mahindi. Juvenali alimwona mama huyo hapo kila jioni; siku zote alidhani anangoja unga wake. "Mama Kwandu ndiye aliyetufundisha kuimba. Ugonjwa wa koo ukamnyang'anya sauti. Ubeti wake hatujampa mtu mwingine. Yeye huuimba moyoni, nasi tunamngoja amalize."

Juvenali alitamani ardhi ipasuke immeze. Akapiga magoti mbele ya Kwandu.

"Shikamoo, mama. Sikujua. Nisamehe."

Kwandu akamvuta karibu. Mnong'ono wake ulikwaruza kama majani makavu ya mahindi. "Marahaba, mwanangu. Mimi hujaniumiza sana. Nenda kwa Nimpaye. Kisha uandike upya, maana huyu Bukuru kweli hajui ngoma."

"Mama!" Bukuru akalalamika, na watu wakacheka tena.

Juvenali hakucheka. Alishika njia ya miguu kuelekea kwa Nimpaye, akamkuta uani akipepeta maharage kwa nguvu zisizohitajika. Aliomba radhi. Nimpaye akaendelea kupepeta, makapi yakimrukia kijana usoni, naye hakujipangusa.

"Ungeuliza tu," hatimaye dada yule akasema. "Ulikuwa hatua chache kutoka kwetu."

"Naomba niulize sasa, dada."

Nimpaye akaweka ungo chini, akamsogezea kigoda. Juvenali akaketi, akasikiliza mpaka jua likazama, kwa maana alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza.