Mzizi Ulioachwa Kondeni

Aliyetusimulia hadithi hii kwanza ni shangazi Semeni, masika ya mwaka 1981, tukimenya viazi. Naisimulia kama alivyoisema.

Kwao, nyanda za juu kusini, uyoga wa kichuguu haukukatwa. Ulichimbwa, ukaletwa nyumbani na udongo wake. Wenye mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota cha mchwa, huo unaliwa. Jirani yake huota mwingine, wenye kofia nyeupe vilevile, ila shina lake limekaa ndani ya kifuko kama ganda la yai. Huo unaua. Tofauti imefichwa ardhini.

Bibi Nyangolo, mama yake Semeni, ndiye aliyemfundisha hayo mkwewe Atuganile, mke wa Lukelo, mwanawe wa kiume.

Siku moja walikuja wageni wa posa ya Semeni. Mmoja wao akatafuna mchanga kwenye uyoga aliouchimba Atuganile, akatema. Nyangolo akaona aibu.

"Wewe Atuganile! Kwenu mnakula na udongo? Hata kuku huchagua!"

Wageni wakacheka. Atuganile akaondoa vyombo.

Mvua zilizofuata alikwenda na kisu. Alikata uyoga juu ya ardhi, akauosha mtoni, akarudi na kikapu cheupe pe.

"Haya!" Nyangolo akasema. "Leo umechuma kama mtu mwenye kwao."

Habari za mizizi hakuuliza. Sahani yote akampa Lukelo, aliyekuwa ametoka kulima. Wanawake wakala maharage.

Alfajiri Lukelo akaanza kutapika. Baadaye akapata nafuu, akaomba uji, nyumba nzima ikashukuru. Kisha macho yakageuka manjano. Akafa.

Baada ya mazishi Nyangolo alisimama mbele ya ukoo.

"Huyu kaniulia mwanangu. Mwulizeni, mizizi aliiona?"

"Niliiacha kondeni, mama," Atuganile akajibu. "Ulisema ni uchafu."

Wazee wakatazamana. Walijua ni kweli. Baadhi yao walikuwapo siku ile ya posa, wakacheka na wageni. Hata hivyo jioni hiyohiyo Atuganile alirudishwa kwao, na Nyangolo akapewa pole.

Nyangolo amekwisha kufa. Shangazi Semeni naye hayupo. Atuganile yu hai, anaishi kwa kaka yake. Kwetu hajakanyaga tena.

Funzo: Ukimwaibisha mtu kwa kufanya sawasawa na ulivyomfundisha, ataacha kufanya, na msiba ukija, usimtafute mwingine wa kumbebesha.