Kamba ya Ngwali na Tumbo la Sultani

Hapo zamani, wakati majogoo wa kupigana walipoheshimiwa kuliko mawaziri, palikuwa na Sultani Mwinyikombo, mpenda dau kupindukia. Siku moja akatangaza kuwa Ijumaa ataweka ghala zima la mtama wa mji juu ya jogoo wake mmoja. Watu wakaingiwa na hofu, maana mavuno yalikuwa mbali, lakini nani amwambie? Akasimama Ngwali, fukara asiye na mali ila kibanda na kamba ya kufungia shuka yake.

"Ewe bwana wangu, dau hilo lina hatari."

"Hatari?" Sultani akafoka. "Basi nipimie, nijue ni kubwa kiasi gani! Ukishindwa, kibanda chako nitakifanya banda la kuku."

"Nimesikia na kutii." Ngwali akavua kamba, akaishika shuka kwa mkono wa kushoto isimwaibishe, akamzungushia Sultani ile kamba tumboni na kutia fundo palipotosha. "Hiyo ni nusu ya kipimo. Leo na kesho tucheze kauri, turushe vijikombe vya pwani, dau letu chakula. Ukishinda, jikoni wakuongezee kiasi kile kile. Ukishindwa, dau liende kwa maskini walioko mlangoni. Kiasi cha dau, chagua mwenyewe."

Sultani akaweka sinia zima la pilau. Akashinda, yakawa mawili. Akayaweka yote, yakawa manne. Waziri akamnong'oneza ale kwanza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" akajibu, akarusha tena, na pilau yote ikatoka mlangoni. Ikawa hivyo jioni, ikawa hivyo kesho yake. Naye Ngwali alikuwa na muhogo mmoja, kaukata vipande ishirini, akiweka kimoja kimoja. Akashindwa mara saba, akashinda mara tano, na bado akatafuna mbele ya Sultani bila haya.

Ijumaa asubuhi akamvisha Sultani ile kamba yenye fundo. Ikateleza hadi mapajani.

"Hatari ndiyo hiyo, bwana wangu: tumbo limepungua vidole vinne. Na hilo ni tumbo moja, kwa siku mbili. Matumbo ya mji mzima, kwa mwaka mzima, malizia mwenyewe."

Sultani akaidaka kamba isimfike magotini. Tumbo likamjibia, likanguruma hata walinzi wakageuka. Basi akacheka, aibu imemjaa usoni. "Jogoo apigane," akasema, "lakini dau ni kibaba kimoja cha mtama. Na nileteeni chakula!"

Jogoo mwenyewe alikimbia kabla ya pigo la pili. Kibaba kikaenda, ghala likabaki, na mji ukala mpaka mavuno. Sultani akaitwaa ile kamba, ikawa haweki dau asipoivaa kwanza. Ngwali akapewa mkanda wa hariri, akaufungia shuka yake ile ile kuukuu.