Kamba ya Ndiva

Hapo zamani, mabomba yalipokuwa bado hayajapanda milima ya Upare, maji ya mashamba yalikusanywa katika bwawa lililoitwa ndiva. Kizibo chake kilikuwa mwisho wa shimo jembamba, ambamo mwili wa mtoto pekee uliweza kupenya ili kukizibua. Ukoo uliofikiwa na zamu ulitoa mtoto; usipotoa, shamba lake halikupata maji.

Msimu mmoja swila, nyoka mwenye sumu kali, akahamia shimoni. Moshi haukumtoa, na kubomoa ukuta kungemwaga maji yote. Mtoto wa jirani akaingia. Akavutwa kwa kamba aliyofungwa kiunoni, mguu umevimba. Jioni akazikwa.

Kesho yake zamu ikawafikia ndugu watatu wa tumbo moja, wote wanawake, nayo mahindi ya shamba lao la pamoja yalikwisha kujikunja kwa kukosa maji. Nakiete, mkubwa, hakusoma. Alikuwa na watoto wanane. Namsifu aliishia darasa la saba. Alikuwa na wanne. Naelijwa alihitimu chuo cha ualimu; alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea.

"Atoe mwenye wengi," alisema Naelijwa, walipokuwa wamesimama na watoto wao kando ya shimo. "Dada, wewe ukipoteza mmoja wanabaki saba. Mimi nikipoteza mmoja, sina mtoto."

"Hesabu hiyo ndiyo mliyofundishwa chuoni, mwalimu?" Nakiete akamkejeli. "Nani alikukataza kuzaa? Na nani alikubeba mgongoni, akakosa shule, ili wewe usome? Wanangu si akiba yako. Kila mmoja nilimzaa kwa uchungu wake."

Namsifu akaingilia: "Lakini dada, tuseme kweli. Mahindi hayo yanaliwa zaidi nyumbani kwako."

"Na wewe wanne wako wanakula mawe?"

"Basi mimi siyataki maji!" akalia Naelijwa.

"Huyataki kwa sababu una mshahara. Wangu watakula nini?"

Ndani ya shimo kitu kikateleza juu ya mawe. Watoto wakapiga kelele, kila mmoja akamkimbilia mama yake. Mbonea alikumbatiwa kwa mikono miwili. Nakiete naye alikuwa na mikono miwili tu, na wanane wakiigombania.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: hesabuni kwa nyumba, au kwa vichwa, au kwa njaa, au kwa mgongo uliobeba mwenzake akasoma. Kisha mniambie: je, kamba ilistahili kufungwa kiunoni mwa mtoto wa nani?