Mkilua wa Bi Mize Uliogoma Kuchanua

Paukwa!
— Pakawa!
Uani kwangu pana mti.
— Una nini?
Una majani.
— Na maua?
Aa, maua ndiyo hadithi yenyewe. Sogeeni, na wewe uliyekaa karibu na moto, vuta kanga isiungue.

Hapo zamani, siku ambazo miti ilisema na kuku wakajibu, paliondokea mama mmoja, jina lake Bi Mize. Mumewe alikuwa amekufa, akamwachia nyumba ya udongo, kuku mwekundu, na binti mmoja aitwaye Raya. Siku Raya alipozaliwa, Bi Mize alipanda mkilua nyuma ya nyumba.

Mnaujua mkilua? Ni kimti kifupi. Ua lake, kilua, ni dogo, rangi ya manjano, ukiliona hulitazami mara mbili. Lakini ukilinusa, utageuka njiani kuuliza aliyepita ni nani.

Basi katika mji ule palikuwa na ada. Bibi harusi hutoka kwao na kilua nyweleni, nacho kichumwe uani kwa mama yake. Cha kuomba hakifai. Walisema, mwenye kuvaa ua la jirani hucheka kwa meno ya jirani.

Na mkilua wa Bi Mize haukuwahi kuchanua. Raya akaota meno, mkilua majani. Raya akaingia chuo cha Kurani, mkilua majani. Raya akawa mwari, mkilua majani, majani, majani!

Wala msidhani Bi Mize hakuupenda. Aliupenda kupita kiasi. Kila asubuhi alikwenda uani, akauimbia:

Mkilua wangu, mkilua,
nimekupa, hujanipa,
wataka nini? Niambie!

Na mkilua, jamani, ulikuwa ukijibu! Siku moja ukajitikisa, ukasema, "Mama, mimi—"

"Una njaa!" akadakia Bi Mize. "Najua, maskini!" Akaleta samadi ya ng'ombe, kapu kwa kapu, akairundika shinani.

Siku nyingine ukasema, "Mama, hapa—"

"Jua linakuunguza! Najua!" Akasimika miti, akaezeka makuti juu yake, mkilua ukawa kama mbuzi bandani.

Siku nyingine tena ukasema, "Mama, ncha—"

"Ncha zimechakaa! Najua!" Akatwaa mkasi, kacha, kacha, kacha, akaupunguza mkilua mpaka ukawa mviringo kama kofia mpya. Na kila ulipochipua, alirudi na mkasi wake.

Kuku mwekundu akacheka. "Ko ko ko! Bibi huyu masikio anayo, ila mdomo umekaa mlangoni."

Siku zikapita. Akaja kijana mmoja, Mcha, mchonga milango, mpole, tena Raya alikuwa akimpenda kimyakimya. Wazee wake wakaleta posa, posa ikakubaliwa. Bi Mize akapiga vigelegele! Akapiga mpaka majirani wa mtaa wa pili wakadhani pana moto.

Lakini mama yake Mcha, Bi Time, mwanamke wa ada, alikwenda uani kunawa mikono, akauona mkilua. Akarudi, uso umekunjamana.

"Dada Mize, hicho kimti kina vilua?"

"Kitakuwa navyo," akasema Bi Mize.

"Harusi ni mvua za masika zikikatika. Kama hakuna kilua, tutangoja mwakani."

Wageni walipoondoka, Raya alijifunika kanga akalia. "Mama, mwakani pia ni majani. Mimi nitazeeka na majani."

Usiku ule Bi Mize hakupata usingizi. Asubuhi akashika njia ya uani. Akafungua kinywa aimbe, ikatoka hewa tu: hhhh! Vigelegele vya jana vimekausha koo. Akajaribu tena: hhhh! Akajaribu tena: hhhh! Sauti haipo. Akaketi chini, akashika tama.

Mkilua ukangoja. Ukangoja. Ukasema, "Umemaliza, mama?"

Bi Mize akaitikia kwa kichwa.

"Leo basi nitasema. Mama, mimi sina njaa. Nimeshiba, tena nimevimbiwa. Aliyeshiba hivi hulala, hazai. La pili, hapa nilipo ni kiza. Ua halifumbuki kwenye kiza. Na la tatu, vilua vyangu hukaa nchani. Kila nikianza kuvitunga, unakuja na mkasi."

Bi Mize akatazama makuti, akatazama samadi. Alitaka kusema, "Mbona hukuniambia?" Lakini sauti hana, na pale alipokosa sauti akakumbuka kwamba aliambiwa. Aliambiwa kila asubuhi.

Akasimama. Akang'oa makuti yote, jua likauangukia mkilua, ukajinyoosha kama mtu aliyeamka. Kuku mwekundu akaja kuitawanya samadi, akachakura na kucheka, akachakura na kucheka. Na mkasi Bi Mize akampa Raya, akamnong'oneza, "Ufiche. Usinionyeshe ulipo."

Kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Nzito ilikuja baadaye.

Sauti iliporudi, Bi Mize akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu," ukasema mkilua.

"Kitu gani hicho nisichofanya?"

"Kitu chochote."

"Nikumwagie maji kidogo?"

"Mvua inanyesha, mama."

"Nikupanguse majani?"

"Mama!"

Raya akaona mamake ataugua. Akamletea ukili na miyaa ya kusukia, akamwambia, "Kaa hapa, mama, nisukie mkeka wa harusi. Mkono ukikuwasha, suka."

Na mkono ulimwasha! Akasuka asubuhi, akasuka mchana, akasuka huku jicho moja liko uani. Mkeka ukajaa chumbani, ukatoka ukumbini, ukavuka kizingiti. Watoto wakawa wanakimbia juu yake kama barabarani.

Mvua zikakatika. Na kwenye ncha za mkilua, nini kile? Vifundo! Vidogo, vya kijani, vimefumba kama ngumi za kitoto kichanga. Bi Mize akaviona, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku ya harusi ikafika. Asubuhi Bi Mize akatoka mbio. Vilua bado vimefumba! Ngoma zimeshaanza kupashwa moto, Bi Time yuko njiani na watu wake. Bi Mize akanyoosha kidole, akashika kilua kimoja, akataka kukipanua kwa kucha.

"Mama," ukasema mkilua, taratibu.

Kidole kikasimama. Kikaachia.

Raya alikuwa amesimama nyuma yake. "Niachie, mama. Nitakivaa hivi hivi." Akakichuma kilekile, akakichomeka katikati ya misuko, akajitanda mtandio.

Wanawake wakanong'onezana, "Kimefumba! Ua gani hilo?" Bi Time akaminya midomo. Raya akaketi juu ya mkeka wake mrefu, macho chini, moyo unampiga kuliko ngoma.

Ngoma ikakolea. Watu wakajaa, nyumba ikapata joto, na kichwa cha Raya ndani ya mtandio kikapata joto. Punde mmoja akasema, "Nani amejitia nini?" Mwingine akanusa bega la jirani yake. "Si mimi!" "Si mimi!" "Wala si mimi!" Harufu ikazunguka, ikatoka dirishani, waliokuwa wakipika nje wakaacha miko wakaja kuchungulia.

Bi Time akainuka mwenyewe. Akamfunua Raya kichwa. Kilua kimefunguka chote, cha manjano, kama kimechomwa na jua.

Bi Time akakitazama, kisha akamtazama Bi Mize. "Dada yangu, ua lililofungukia mtini nimeliona harusi zote. Lililofungukia kichwani mwa mwari, hili ndilo la kwanza." Akamkumbatia Raya, akambusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote.

Kesho yake mkilua wote ulikuwa manjano.

Basi, wanangu, ukimpenda mtu mlishe. Lakini kabla ya kumlisha muulize, na ukishamuuliza, nyamaza akujibu.

Mimi nilikuwepo harusini, nilipewa kilua, nimekivaa hapa nyuma ya sikio. Anayenisogelea akanusa dagaa, pua yake ina kasoro.

Hadithi yangu imetua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa haikukolea, nileteeni kesho niitie chumvi.